Uzoefu wangu na seti ya kuanzia kufunga nzi wa kuvulia trauti

Seti hii niliiagiza mtandaoni kutoka duka moja la Uingereza, na nimeitumia msimu mzima wa mvua hapa Nyeri, wakati mito ya Nyandarua inashuka na tope na uvuvi hauendeki. (Kwa mgeni: nzi huyu ni chambo cha bandia, ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ili samaki aitwaye trauti aidhanie mdudu.) Maoni yangu kwa ufupi: vifaa vyake nunua, lakini karatasi ya maelekezo usiifuate.

Nianze na vifaa. Jiliwa linashika ndoano barabara, halilegei hata ukivuta uzi kwa nguvu. Mkasi unakata hadi kwenye ncha, na hilo ndilo la maana, kwa sababu kazi yote ya kufunga nzi hufanywa na ncha. Bobini, yaani kishikio cha kigurudumu cha uzi, ina mdomo wa kauri, kwa hiyo uzi haukatikikatiki. Manyoya na nyuzi vimo vya kutosha kabisa.

Shida iko kwenye uchaguzi wa nzi. Maelekezo yanamwanzisha mwanafunzi na Royal Coachman: mkia, tumbo la unyoya wa tausi lenye mshipi mwekundu wa hariri katikati, mabawa mawili meupe, halafu unyoya wa jogoo uliozungushwa shingoni. Ni nzi wa kupendeza mno, sikatai. Lakini kuyasimamisha mabawa mawili yalingane juu ya ndoano namba 14 ni kazi ya vidole vilivyokwisha kuuzoea uzi. (Kwa mgeni: namba ikipanda, ndoano inapungua.) Anayeanza na huyo anavunjika moyo kabla hajajua hata raha ya kazi hii iko wapi.

Mimi niliiweka ile karatasi kando nikaanza na Woolly Bugger, nzi aliyebuniwa na Russell Blessing wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1967. Huyu ndiye ningempa kila mwanafunzi. Unachukua ndoano namba 8 yenye shina refu, unaizungushia uzi mpaka nyuma, kisha unafunga kishungi cha manyoya laini ya bata mzinga kiwe mkia, urefu wake sawa na shina. Palepale unafunga waya mwembamba wa shaba, unyoya wa jogoo kwa upande wa ncha yake, na kipande cha shenili, yaani uzi mnene wenye manyoyamanyoya. Shenili unaizungusha kwenda mbele, zamu kwa zamu bila kuacha mwanya. Unyoya wa jogoo unaufuatisha juu yake kwa mizunguko iliyoachana. Waya unapita mwisho kuubana, ili meno ya trauti yasiukate mapema. Jambo moja la kushika sana: mbele, nyuma ya jicho la ndoano, acha nafasi ya wazi. Kichwa kinahitaji mahali pa kukaa, na fundo la kumalizia halifungiki juu ya manyoya yaliyosongamana.

Uzuri wake ni kwamba hadai usawa. Mkia ukienda upande kidogo, ndani ya maji hauonekani, maana manyoya yale yakilowa yanacheza yenyewe. Na ndani ya nzi huyo mmoja mkono umejifunza kubana uzi, kupima urefu, kuzungusha unyoya na kumaliza kichwa.

Wa pili niliyemchagua ni Pheasant Tail, kwa namna ya Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, Uingereza. Sawyer hakutumia uzi hata kidogo. Nyuzi chache za unyoya wa mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, na waya wa shaba, basi. Waya ndio unaofunga, na ndio unaompa nzi uzito wa kuzama. Hana mabawa wala miguu. Namba 12 inatosha kwa kuanzia, halafu unateremka kwenda ndoano ndogo taratibu.

Baada ya hao, Griffith's Gnat kwa wanaotaka nzi wa kuelea: unyoya wa tausi mwilini na wa jogoo wa madoadoa juu yake, toka mwanzo hadi mwisho wa ndoano. Mabawa yasubiri.

Gharama ya kuendelea si kubwa kama watu wanavyodhani. Waya wa shaba naupata kwenye mota mbovu kwa fundi, na rangi ya kucha isiyo na rangi inagandisha kichwa vizuri tu. Manyoya ya jogoo wa kienyeji yanafaa Woolly Bugger. Kwa nzi wa kuelea yanalowa upesi, hapo tumia yale ya kwenye seti.

Kwa yeyote anayevua trauti huku kwetu, tangu Gura, walikoachiliwa samaki wale wa kwanza mwaka 1905, hadi Sagana na Thego, seti hii ni ununuzi mzuri. Wakati wa kuagiza waombe wabadilishe zile ndoano namba 14 wakupe namba 8 za shina refu. Mimi niliwaandikia kuhusu hilo, na walinibadilishia bila kuongeza bei.