Bolti za rimu za vipande vitatu: nilivyozinunua mara mbili hapa Malindi

Rimu zenyewe nilizipata kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Zilikuwa kwenye banda, kila moja ndani ya gunia, na gunia la chini limeshaoza. BBS inchi 16, vipande vitatu: uso wa katikati, mdomo wa nje, na pipa la ndani, vyote aluminiamu, vimeshikwa pamoja na duara la bolti ndogo ndogo. Vijana wa mtaani huniuliza herufi hizo zina maana gani. Ni Baumgartner na Brand, wawili walioanzisha kampuni hiyo mwaka 1970, na Schiltach, mji wao huko Ujerumani.

Nilitaka kuzipiga rangi tu. Mfuko wangu ulikuwa umepanga hivyo.

Nikazipeleka kwa fundi wangu Maweni, mzee ninayemwita Ami ingawa si ndugu yangu. Nikamwambia, "Ami, hizi bolti tuzing'arishe tu na brashi ya waya." Hakunijibu. Akachukua spana ya 10 akagonga kichwa kimoja, pole pole, kama anayegonga mlango wa mgonjwa. Kichwa kikaanguka sakafuni. Akagonga cha pili, kikabaki lakini unga mweupe ukamwagika pembeni yake. "Mwanangu," akasema, "hiki ndicho kinachoshika gurudumu lako."

Unga ule mweupe ni aluminiamu iliyoliwa. Chuma na aluminiamu vikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa kwanza. Na hapa kwetu chumvi haihitaji kutafutwa: kusi likivuma, kioo cha gari ukikilaza nje usiku mmoja asubuhi unakifuta kwa kidole na unaonja. Kromu iliyopakwa juu ya bolti nayo ina nyufa ndogo usizoziona kwa macho, kutu huanzia chini yake, na unapoona kipele juu, ndani kazi imeshakwisha.

Basi tukatoa zote. Ni mia na ushei kwa rimu nne. Na hili nalisema mapema kwa sababu nimeona watu wakilifanya: usilegeze bolti hata moja ya rimu za vipande wakati tairi bado lina upepo. Hizo bolti ndizo zinazozuia nusu mbili za rimu zisiachane, na upepo wote uko ndani unasukuma. Tulitoa upepo, tukatoa tairi, ndipo tukaanza. Zile zilizogoma tulizilowesha mafuta ya kulegeza siku mbili. Kumi na moja zilikatika hata hivyo, zikatolewa kwa drili na uvumilivu wa Ami, ambaye wakati wote huo alikuwa akinihesabia viazi karai ninavyodaiwa.

Sasa ununuzi wa kwanza, ule wa kijinga.

Bolti hizi ni M7, yaani unene wa milimita 7. Nenda duka lolote la vifaa hapa mjini: M6 ipo, M8 ipo, M7 utaambiwa ipo kisha utaletewa M8. Muuzaji mmoja alinishauri kwa moyo safi kabisa kwamba nitoboe matundu yote yawe makubwa niweke M8, "itakuwa na nguvu zaidi, bro." Matundu yenyewe yako karibu na ukingo wa kipande. Ukiyapanua unapunguza nyama iliyobaki, na ukikosea tundu moja tu kipande chote hakikai tena katikati. Nikamshukuru nikatoka.

Nikapata M7 Mombasa, kwenye duka ambalo sitalitaja. Shilingi 40 moja, stenlesi, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Nikazibeba kwenye matatu nikijiona mjanja. Makosa yalikuwa mawili na yote niliyaona nyumbani, baada ya pesa kutoka.

La kwanza, kichwani zimeandikwa A2-70. Hiyo 70 maana yake chuma hicho hukatika kikivutwa kwa megapaskali 700, kipimo cha nguvu ya kuvuta. Bolti ya chuma iliyoandikwa 10.9 hufika 1,000. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua kitu kinachong'aa zaidi na kinachoshika kidogo zaidi. La pili, zilikuwa na nyuzi kuanzia kichwani hadi mwisho. Zile za zamani zina shina laini sehemu ya juu, na shina hilo ndilo linalokaa ndani ya tundu na kuviweka vipande mahali pake. Ukiweka nyuzi hapo, nyuzi zinasaga aluminiamu kila gurudumu linapozunguka.

Nikabisha, bila shaka. Nikajaribu rimu moja. Nati nne ziliumana na bolti zikiwa nusu ya njia: stenlesi kwa stenlesi, kavu, hugandana hivyo. Haziendi mbele, hazirudi nyuma. Tulizikata kwa grinda, na Ami hakusema neno, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kusema.

Ununuzi wa pili niliagiza Ujerumani, kwa muuzaji wa vipuri vya kukarabatia rimu peke yake. Aliniuliza kwanza niandike urefu wa shina, urefu wa nyuzi, na nipige picha ya bolti ya zamani juu ya rula. Hapo ndipo nilipomwamini. Bolti zilikuja baada ya wiki tano: chuma, 10.9 imepigwa kichwani, zimepakwa kinga ya rangi ya kijivu, kichwa cha pembe 12, na nati zake za kujifunga. Bei ya bolti, usafiri, ushuru na ile VAT ya asilimia 16 vilifika karibu 38,000. Ndiyo, karibu sawa na rimu zenyewe. Mke wangu anajua 20,000, na naomba ibaki hivyo.

Ya titani walikuwa nayo pia. Bei mara tatu, na watu huamini titani inamaliza habari ya kutu. Titani yenyewe haishiki kutu, ni kweli, lakini ikigusana na aluminiamu penye chumvi bado anayeliwa ni aluminiamu. Wepesi unaoupata ni wa gramu chache. Kwa gari la mashindano sawa. Mimi naenda Gede kumwona shangazi.

Malalamiko yangu kwao: walitia bolti nne tu za ziada, soketi ya pembe 12 hawakuweka, na kinga ile ya kijivu haipendezi. Ukisimama mbali unadhani sijaziosha.

Kufunga kulichukua siku mbili, na hapa tuligombana. Ami ana bunduki ya upepo, ile mashine ya kukazia nati, na anaipenda. Kwa nati za gurudumu simkatalii, lakini bolti ya M7 ni nyembamba, bunduki inaivuta hadi inakatika au, vibaya zaidi, inakaribia kukatika na huoni. Nikaazima ile spana inayolia "taki" ukifikia nguvu uliyoiweka. Tulianza kwa mkono bolti zote zikae, kisha kwa mtindo wa nyota, moja hapa na inayoitazama upande wa pili, mizunguko mitatu, nguvu ikipanda kidogo kidogo. Kipimo sitakiandika kwa sababu kinategemea bolti yako na rimu yako, muulize aliyekuuzia. Muulize pia kama ni kwa nyuzi kavu au zenye grisi. Ukipaka grisi msuguano unapungua, na kwa "taki" ile ile bolti inavutwa zaidi sana.

Kuhusu silikoni ya kuzibia katikati ya vipande: ile yenye harufu ya siki iache. Ile ni asidi, nayo inakula metali. Tumia isiyonuka siki, na kabla yake safisha kwa msasa mwembamba na spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Tulizilaza siku mbili kabla ya kuvalisha tairi. Unyevu wa Malindi, unaoharibu kila kitu kingine nilicho nacho, kwenye silikoni unasaidia, maana hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani.

Tukajaza upepo, tukapaka maji ya sabuni. Tatu safi. Ya nne ikatoa povu dogo karibu na vali, kama kaa mdogo anapumua mchangani. Tairi likatolewa, bolti zote zikafunguliwa tena, na tukakuta mahali nilipopitisha kidole nikafuta silikoni bila kujua. Kosa langu, si la bolti. Nati za kujifunga za rimu ile nilizibadilisha zote, kwa sababu zikishafunguliwa mshiko wake si ule tena, na seti hiyo ya nati ilinilazimu kuagiza upya na kungoja wiki nne gari likiwa juu ya mawe.

Sasa ni mwezi wa nane tangu zifungwe. Nimekwenda Mombasa na kurudi mara kadhaa, kilomita 120 kila upande, na baada ya safari ya kwanza nilizipitia zote kwa spana: hakuna iliyosogea. Upepo haupungui. Kila Ijumaa nazimwagia maji matamu, na hadi wiki iliyopita nimeona kutu kwenye bolti moja tu, ile niliyoikwaruza mwenyewe kwa soketi ya kuazima.

Zile stenlesi ziko kwenye kopo la Kimbo chini ya kitanda. Mbili zimeshika bawaba za mlango wa banda la kuku.