Chakula cha Siku Saba Porini Montana: Pakiti za Dukani Zinafaa Mlo Gani?

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua pakiti za chakula kikavu, hizi za kumimina maji ya moto na kusubiri, kwa ajili ya mwindaji anayeingia milimani kwa miguu siku saba. Mfano wetu ni Bob Marshall kule Montana, Marekani, hifadhi ambayo gari haliruhusiwi kuingia. Ninyi mlioko Missoula au Boise mnaijua baridi ya huko. Katika sehemu kubwa ya jimbo msimu wa bunduki huanza mwishoni mwa Oktoba, na wakati huo theluji si ajabu.

Msimamo wangu nausema mapema: pakiti ya dukani ni ya chakula cha jioni tu. Asubuhi na mchana jitengenezee mwenyewe. Ukinunua pakiti kwa milo yote mitatu utatumia hela nyingi, utabeba begi lililojaa hewa, na bado utalala njaa.

Tuiangalie pakiti yenyewe. Geuza nyuma usome. Kitu cha kwanza ni idadi ya watu wanaolishwa. Wameandika kwamba pakiti inatosha watu wawili, na kalori wanazotaja mara nyingi ni za mtu mmoja kati ya hao wawili. Mwindaji aliyepanda mlima kutwa nzima anamaliza pakiti yote na anatafuta kingine. Kwa hiyo tafuta kalori za pakiti nzima, uzigawe kwa gramu za chakula kikavu. Ukipata 4.5 au zaidi, ni pakiti nzuri. Ukipata chini ya 4, umebeba wali na tambi bila mafuta. Sababu ni hii: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Kinachoamua uzito wa chakula chako ni mafuta.

Mountain House ya Oregon ndiyo utakayoikuta kila duka. Ladha yake ni ya kawaida, inalainika vizuri, na kampuni inadhamini ladha kwa miaka 30. Peak Refuel ya Utah huweka nyama nyingi zaidi, hivyo protini na kalori kwa pakiti kwa kawaida ziko juu, na bei nayo iko juu. Kwa safari ya baridi ningechukua Peak Refuel usiku wa siku ngumu na Mountain House usiku mwingine, maana kula ladha moja siku saba kunaua hamu, na mtu asiye na hamu harudishi nguvu. Chumvi ni tatizo la karibu zote: si ajabu kukuta miligramu 1,500 za sodiamu kwenye pakiti nzima, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya 2,000 kwa siku. Mwenye presha asome hapo kabla ya kulipa.

Sasa kupika, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Fungua, kisha kwanza kabisa toa kile kifuko kidogo cha kunyonya oksijeni. Huwa kimejificha chini, kwa hiyo kitafute kwa kijiko. Tikisa unga ulioganda pembeni. Maji yakichemka, mimina pungufu kidogo ya kipimo kilichoandikwa, kama mililita 50 pungufu, kwa sababu maji unaweza kuongeza lakini huwezi kuyatoa. Koroga mpaka kwenye pembe mbili za chini, maana hapo ndipo viungo na unga wa mchuzi hujikusanya, na usipovifikia utakula supu ya maji juu na chumvi tupu chini. Kijiko kiwe kirefu, cha sentimita 20 au zaidi, la sivyo vidole vyote vinaingia kwenye mchuzi. Funga, kunja mdomo, zungushia kofia ya sufu, weka ndani ya jaketi. Kwenye mita 2,400 maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100, kwa hiyo dakika 10 za kwenye maelezo zifanye 15 hadi 20. Nyama iliyo ngumu katikati maana yake hukusubiri. Kabla ya kula, ongeza kijiko kikubwa kimoja na nusu cha mafuta: hapo umepata kalori 180 kwa gramu 20. Chukua mafuta ya alizeti. Ya zeituni na ya nazi huganda kwenye baridi na hayatoki kwenye chupa.

Pakiti hizi pia huvimba ukipanda juu, na zinakula nafasi. Toboa tundu dogo kwa sindano karibu na ukingo wa juu, kamua hewa, ziba kwa utepe wa gundi. Fanya hivyo wiki ya safari tu, maana ukishatoboa, ule muda mrefu wa kukaa umeisha.

Milo ya kujitengenezea sasa. Mizani ya jikoni ni lazima, kukadiria kwa macho hakufai. Asubuhi: oti za papo hapo gramu 80, maziwa ya unga yenye mafuta gramu 30, korosho zilizopondwa 25, sukari 15. Vyote kwenye mfuko mmoja wa zipu, unamwagia maji ya moto mililita 300. Hizo ni kalori 650 kwa gramu 150. Mchana hakuna kupika, unakula ukitembea: karanga na korosho gramu 90, tende 60, chapati mbili ndogo, siagi ya karanga 40, nyama kavu 40, chokoleti 50. Jumla karibu kalori 1,700 kwa gramu 400. Ukijumlisha na chakula cha jioni na chai ya sukari, unafika kalori 3,200 kwa gramu kama 715. Siku saba ni kilo 5. Chapati za mafuta ziliwe siku tatu za kwanza, baada ya hapo tumia zile za dukani zilizofungwa. Na chokoleti na siagi ya karanga ziwe mfuko wa ndani wa jaketi tangu asubuhi, zikiganda ni mawe.

Najua kuna mtu anauliza ugali. Unga ni mwepesi na tunaupenda, lakini ugali unataka moto wa kudumu na kusonga kwa dakika nyingi, na sufuria ya kuosha kwa maji ya barafu. Gesi itaisha siku ya nne. Ule nyumbani.

Gesi yenyewe: maji ya kuchemsha ni lita 1.2 hivi kwa siku, yaani lita 8 na nusu kwa wiki. Mtungi wa gramu 230 unatosha ukikinga upepo. Ukitegemea kuyeyusha theluji, chukua miwili. Soma ubavuni: butani ya kawaida haigeuki mvuke chini ya nyuzi -0.5, kwa hiyo taka mchanganyiko wa isobutani na propani, na usiku lala na mtungi ndani ya mfuko wa kulalia. Kichujio cha maji chenye vijibomba vyembamba ndani nacho kilale hapo hapo, kikiganda mara moja hakiaminiki tena. Anayekuja kwa ndege anunue gesi akifika, kwani hairuhusiwi hata kwenye mzigo wa chini.

Huko kuna dubu grizli, na sheria ya msitu inadai chakula kikae kwenye chombo kilichoidhinishwa au kining'inizwe futi 10 juu ya ardhi na futi 4 kutoka kwenye shina. Dawa ya meno na nyama uliyowinda vinahesabika pia. Pipa la kuzuia dubu la BearVault BV500 lina lita 11.5 na uzito wa kilo 1.16; kwa mpango huu linabeba siku tano au sita, hivyo chakula cha siku ya kwanza kibaki nje na kiishe kabla ya kulala, na kisichoingia kining'inizwe.

Mwisho, panga kila siku kwenye mfuko wake, uandike namba, na ongeza mfuko wa nane. Huo ni chakula cha siku ya kubeba nyama. Elki dume aliyekomaa, yaani kulungu mkubwa wa huko, hutoa zaidi ya kilo 80 za nyama bila mifupa, yaani safari tatu au zaidi kwa mtu mmoja mwenye kilo 30 mgongoni. Siku hiyo haina pakiti ya kusubiri dakika 20: weka karanga, tende na chokoleti tupu, kalori 4,000, na uache mfuko mwingine kama huo garini pamoja na maji.