Nyonga ya bibi imetengenezwa vizuri, ila wodi ya hospitali ile sitaisamehe

Daktari aliyempasua bibi yetu hapa Tanga anaijua kazi. Mfupa ulivunjika shingoni mwa paja, ndani ya mfuko wa kiungo, na hapo mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa mara nyingi hukatika. Ukimfunga skrubu mzee wa umri wake, kichwa kinaweza kufa na akarudishwa mezani upya. Daktari akakitoa, akaweka nusu nyonga ya bandia kwa saruji ya mifupa. Sina neno.

Lakini kabla ya hapo! Usiku wa manane wanaandika asile wala asinywe. Chai ya asubuhi inampita. Saa nane mchana nesi anakuja: leo haiwezekani, damu hakuna. Kesho yake, kiungo cha saizi yake hakijafika. Mara nyingine thieta imechukuliwa na ajali ya bodaboda. "Sista, hata maji jamani?" Akajibu mbele ya mgonjwa: "Kama mna haraka, mpelekeni Muhimbili."

Chakula kigumu huzuiwa kwa muda wa saa 6 kabla ya ganzi. Maji matupu au chai ya rangi huruhusiwa mpaka zibaki saa 2. Ukimkausha mzee tangu usiku wa manane, presha inaporomoka ganzi ya mgongo ikiingia, figo zinaelemewa, akili inavurugika. Bibi akawa anang'oa dripu usiku, wodi ikasema ni uzee. Uzee gani? Kiu na maumivu vile!

Wingi wa damu na kundi vinapimwa siku ya kulazwa, na ndugu wanaitwa siku hiyohiyo. Vijana wetu wa Makorora walikuwa tayari kuchangia, hakuna aliyewaita. Saizi ya kichwa cha bandia inakadiriwa kwenye eksirei, kisha inaandaliwa pamoja na saizi zinazoikaribia. Mgonjwa anatakiwa apasuliwe ndani ya saa 48, kwa sababu kulala tu kunaleta nimonia, damu kuganda mguuni na vidonda.

Na kidonda kikaja. Mguu ulikuwa umevutwa kwa bandeji na mfuko wa mchanga, kisigino kimekandamizwa kwenye godoro, hakuna anayefunua kutazama. Kuvuta mguu hivyo kabla ya upasuaji hakujaonekana kupunguza maumivu. Mto chini ya kigimbi, kisigino kikae hewani, pamoja na sindano ya ganzi ya kinenani, vingemsaidia zaidi.

Nilitaka kuwapa nyota nne, kwa sababu ya daktari na yule kijana wa mazoezi aliyemsimamisha na fremu ya kutembelea siku iliyofuata upasuaji, akamfundisha kukaa kiti kirefu na asipandanishe miguu. Lakini nikikiangalia kisigino kile, cheusi katikati na kingo zimelainika, siwezi. Nyonga inabeba uzito wote, kisigino hakikanyagiki, bibi bado yuko kitandani. Nyota mbili, na hakuna hata moja ya wodi.