Biskuti laini za tangawizi: mbichi au ya unga?

Sisi wa Moshi tangawizi inalimwa mkoani humu humu, kule Mamba Miamba wilayani Same, kwa hiyo kwa muda mrefu niliidharau ya unga. Nilikuwa nakwangua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nachanganya na siagi na sukari, nyumba nzima inanukia. Shida ni maji yake. Donge linalegea, linang'ang'ania viganjani, na kwenye trei biskuti zinatambaa mpaka zinashikana. Ukiongeza ngano ili uziokoe, zinatoka ngumu. Unaweza kuikamua kwanza kwenye kitambaa, sawa, lakini utakuwa umemwaga na utamu wake (mimi ile juisi naitia kwenye chai).

Ya unga haileti maji kabisa. Vijiko viwili vya chai kwa vikombe viwili vya ngano vinatosha, pamoja na mdalasini na karafuu kidogo. Ukali wake pia ni mwingine: tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli (kemikali inayoipa mbichi ukali wake) hugeuka shogaoli, kemikali nyingine inayowasha zaidi. Ndiyo ule moto wa kooni unaokuja ukishameza. Ila isikae sana. Iliyosahaulika kabatini mwaka mzima ni vumbi tu.

Kwa biskuti nachukua ya unga, na sukari guru badala ya nyeupe, maana inashika unyevu. Naziepua katikati pakiwa bado panabonyea, zinamalizikia kwenye trei. Mbichi naibakiza kwa keki na chai.