"Dobbiamo parlare" au "Ti va di parlare?"

Kwa Kiitaliano, "Dobbiamo parlare" ni "lazima tuzungumze". Dobbiamo inatokana na kitenzi dovere, kinachobeba wajibu, na mtu akiambiwa hivyo na mpenzi wake moyo humwenda mbio. Wengi huwaza kuachwa papo hapo. Anayeambiwa hajaulizwa chochote.

"Ti va di parlare un po'?" inauliza: uko tayari tuzungumze kidogo? Hiyo va inatokana na andare, kwenda, kana kwamba unauliza kama jambo hilo linamwendea vizuri. Mwenzako anaweza kujibu "stasera no", leo jioni hapana, bila ugomvi. Mimi naipenda hii, hata kwa mambo mazito kama pesa au watoto. Ila ukiwa umeshaamua kuachana naye, usimzungushe: mwambie dobbiamo.