Kuziba maungio ya bomba: ununue tepu, katani au gundi?

Kwa kazi nyingi za nyumbani, kama koki ya sinki, shawa au elbo ya nusu inchi, nunua tepu nyeupe, lakini ile nzito. Usipotaja, muuzaji atakupa nyepesi, maana ndiyo inayotoka sana. Vuta kipande kidogo palepale dukani: nyepesi inaonyesha kidole upande wa pili na kukatika mara moja, nzito inakaza kwanza, kisha inajifinyanga ndani ya hesi, yaani ile mikato ya mzunguko inayokazia bomba. Nyepesi inataka kuzungushwa zaidi ya mara kumi, na mafundi wengi huishia mara tano. Nzito, mizunguko mitano hadi saba inatosha. Zungusha kwenye dume, yaani kipande chenye hesi kwa nje, kwa upande uleule linakofungia, la sivyo tepu itajikunja na kutoka unapokaza. Ukishakaza, usiirudishe koki nyuma hata kidogo ili ikae sawa. Ikipitiliza, fungua, safisha, weka tepu mpya.

Ya pili ni katani ya mafundi pamoja na pasti yake. Kwa bomba za chuma za zamani, zenye hesi zilizoliwa na kutu, naiweka mbele ya tepu kabisa: nyuzi zake huvimba zikilowa na kujaza mapengo ambayo tepu haiyafikii. Tafuta pasti iliyoandikwa kuwa inafaa maji ya kunywa. Jike (kipande chenye hesi kwa ndani) la plastiki tupu usilitie katani nyingi, kwani linaweza kupasuka, na ufa ulio ndani ya ukuta utaujua rangi ikishaanza kubambuka. Hapo ni kuvunja vigae.

Uzi wa nailoni wa kuzibia, unaouzwa kwenye kikopo chenye kikatio, ni mzuri sana. Unakuruhusu kurekebisha koki kidogo baada ya kukaza. Nimeuweka wa tatu kwa sababu ni ghali na maduka ya mtaani hayana.

Gundi ya majimaji ya hesi waachie wenye bomba za chuma tupu. Hugandia pale hewa isipofika kati ya chuma na chuma, haifai plastiki, na kuifungua baadaye ni shida. Rangi ya mafuta na vipande vya mfuko, usitumie kabisa.

Mpira wa kuunganishia sinki una washa, kile kipete cha kuzibia, ndani ya nati. Hapo kinachozuia maji ni washa, si hesi, kwa hiyo ukivuja nunua washa, tepu haitasaidia.