Mfuko wa USVSST: fidia ipo, lakini huanzia mahakamani

Wanaoukaribia Mfuko huu kwa mara ya kwanza hukosea mahali pamoja: hudhani Mfuko ndio utakaosikiliza habari ya bomu na majeraha. Hausikilizi. Mfuko wa Marekani wa Wahanga wa Ugaidi Unaofadhiliwa na Dola (yaani na serikali za kigeni), USVSST kwa kifupi, unaanzia pale mahakama ilipoishia. Ukiwa na hukumu ya mwisho ya mahakama ya shirikisho ya Marekani, unaingia. Bila hiyo, medali ya Purple Heart, ile ya askari waliojeruhiwa vitani, na ulemavu wa asilimia 100 havikufungulii mlango. Waliosamehewa sharti hilo ni mateka wa ubalozi wa Marekani mjini Tehran wa 1979 hadi 1981 pamoja na wenzi na watoto wao. Mateka mwenyewe alipangiwa na sheria dola 10,000 kwa kila siku aliyoshikiliwa.

Kwa hiyo tathmini hii inaanzia mahakamani, maana huko ndiko madai mengi ya askari waliojeruhiwa hufia.

Kifungu 1605A cha sheria ya kinga za mataifa ya kigeni kinaruhusu kuishtaki serikali iliyo kwenye orodha ya Marekani ya wafadhili wa ugaidi, kama Iran. Mdai au mhanga lazima awe, siku ya shambulio, raia wa Marekani, askari wa jeshi lake, au mfanyakazi wa serikali yake ama wa mkandarasi wake akiwa kazini. Mkenya au Mtanzania aliyevaa sare ya Marekani kabla hajapata uraia anaingia hapo bila shida. Muda wa kushtaki ni miaka 10 tangu shambulio.

Sasa mtego mkubwa. Sheria inataja mauaji nje ya sheria, mateso, utekaji na hujuma ya ndege. Kujeruhiwa peke yake hakumo. Machi 2024, katika shauri la Borochov, mahakama ya rufani ya Washington DC iliamua kwamba shambulio lisiloua mtu si mauaji nje ya sheria. Tafsiri yake kwa askari ni nzito: ukipoteza mguu katika mlipuko ambao mwenzako alikufa, una shauri, ukipoteza mguu huohuo na wote mkapona, mlango huo umefungwa. Tunaona ni tafsiri inayomwonea majeruhi, lakini ndiyo inayotumika katika mahakama ambako mashauri mengi ya aina hii hupelekwa. Muulize wakili jambo hili kabla hujatia saini chochote.

Kisha kuna ushahidi wa mkono wa dola. Kwa waliopigwa Iraq, kesi ya Karcher ya 2019 ilifungua njia kwa mabomu ya EFP, yale yenye sahani ya shaba inayogeuka risasi na kupenya gari la deraya, kwa kuwa mahakama ilikubali kwamba yalitoka Iran kupitia makundi ya Kishia. Bomu la kawaida la barabarani ni gumu zaidi, kwa kuwa aliyelitega anaweza kuwa al-Qaida. Kinachookoa shauri ni ripoti ya kijeshi ya uchunguzi wa mlipuko yenye tarehe, mahali na aina ya silaha, pamoja na rekodi za hospitali ya kijeshi. Iombe mapema, maana kumbukumbu za wenzako haziwezi kutaja aina ya bomu kwa uhakika.

Kufikisha hati nako kumeangusha mashauri makubwa. Mabaharia wa meli ya kivita USS Cole, iliyolipuliwa Yemen 12 Oktoba 2000, walishinda hukumu ya takribani dola milioni 315 dhidi ya Sudan. Machi 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi yao kwa sababu bahasha ilitumwa ubalozi wa Sudan mjini Washington badala ya wizara ya mambo ya nje kule Khartoum. Kwa Iran, wito, hati ya madai na tafsiri ya Kiajemi hutumwa na karani wa mahakama. Zikigonga mwamba, hupitia njia ya kidiplomasia kwa msaada wa Uswisi. Mdaiwa ana siku 60 za kujibu. Hata asipojibu, mahakama haitoi hukumu ya upande mmoja mpaka iridhike na ushahidi, na hukumu hiyo nayo lazima afikishiwe.

Viwango vya mahakama vinatabirika. Kwa aliyeumia vibaya kianzio ni dola milioni 5. Hupanda kwa waliokatwa viungo au kuungua sana, na hushuka hadi milioni 1.5 kwa aliyebaki na athari za akili bila jeraha kubwa. Mwenzi wa majeruhi kwa kawaida hupewa milioni 4, mzazi 2.5, ndugu 1.25.

Ukishaipata hukumu, una siku 90 tu kuomba kwenye Mfuko. Weka tarehe hiyo ukutani. Mfuko huhesabu fidia halisi pekee; riba na fidia ya adhabu hutupwa. Dari ni dola milioni 20 kwa mtu na milioni 35 kwa familia. Malipo mengine yatokanayo na shambulio hilo, pamoja na ya serikali, lazima uyataje, na aliyekwisha kupata asilimia 30 ya fidia yake kwingine husubiri wenzake wafikie hapo.

Usitegemee kulipwa yote. Awamu ya 2017 ililipa asilimia 13 na ushei: hukumu ya milioni 5 ilizaa zaidi ya dola 650,000 kabla ya wakili, ambaye sheria inamfungia kwenye asilimia 25. Awamu za 2017, 2019 na 2020 kila moja ilizidi dola bilioni 1. Ile ya 2023 ilikuwa takribani milioni 100. Sababu ni kwamba fedha hutoka kwenye faini na mali zilizotaifishwa kwa wavunja vikwazo, kama zile dola bilioni 1.025 za kuanzia kutoka benki ya BNP Paribas, na faini haziji kwa ratiba. Mwaka mmoja benki inanaswa, mwaka mwingine hakuna.

Ukikataliwa una siku 30 kuomba kusikilizwa. Baada ya hapo hakuna rufaa mahakamani, na hilo tunalihesabu kasoro.

Tunachokisifu ni kwamba Mfuko haubagui uraia wa mwenye hukumu. Walinzi na makarani Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa, wana hukumu dhidi ya Iran, na wanahesabiwa kwa kanuni zilezile za askari wa Marekani. Sudan ilimalizana nao kivyake, kwa mapatano ya dola milioni 335 ya mwaka 2020. Lakini aliyekuwa ndani ya jengo la Ufundi jirani na ubalozi wa Nairobi, au akipita tu Barabara ya Haile Selassie, hana pa kuingilia kwa sheria hii, ingawa Wakenya ndio wengi mno kati ya waliokufa pale.

Waliojeruhiwa kwenye kambi ya Manda Bay, Lamu, 5 Januari 2020, ambako Wamarekani 3 waliuawa, wana hadi Januari 2030 kufungua shauri, na watahitaji kwanza ushahidi wa dola iliyo nyuma ya al-Shabaab.